Ilikawia na Haikufika: Miaka 42 ya Marekani Kutafuta Helikopta ya Upelelezi

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka 1982 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianzisha mradi wa kuunda helikopta mpya ambayo, pamoja na kazi nyingine, ingetangulia mbele ya askari, ikamwona adui na kurudisha habari. Februari 8, 2024, jeshi hilohilo lilitangaza kwamba linaufuta mradi wa mwisho wa aina hiyo. Katikati ya tarehe hizo kuna miaka 42, mlolongo wa miradi yenye majina ya kuvutia, na mabilioni ya dola. Helikopta mpya za upelelezi zilizofika kikosini kutokana na mlolongo huo ni sifuri.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba helikopta ya upelelezi imeuawa na droni. Ndivyo jeshi lenyewe lilivyosema 2024, na ndivyo wachambuzi wengi walivyoandika kesho yake. Nadhani droni inasingiziwa. Ilipofika, ilikuta matanga yameshawekwa. Kilichokuwa kikiua miradi hii, mmoja baada ya mwingine, ni kwamba kila safari jeshi liliagiza mashine ambayo kuitengeneza kulichukua muda mrefu kuliko uhai wa tatizo lililokusudiwa kutatuliwa.

Ili kuona ugonjwa huo vizuri, inafaa kwanza kuiangalia mashine iliyofanya kazi.

Vietnam ndiko helikopta ya upelelezi ilikojijengea jina. Hughes OH-6, ambayo askari waliiita Loach kwa kuzitamka herufi za mradi wake, LOH, ilikuwa kitu kidogo chenye umbo la yai. Marubani wake waliruka usawa wa vilele vya miti, na penye uwazi walishuka chini ya hapo, wakitafuta nyasi zilizolala, majivu ambayo bado yana moto, njia ya miguu iliyokanyagwa asubuhi hiyo. Juu yao ilizunguka Cobra, helikopta ya mashambulizi. Mpelelezi alipewa rangi nyeupe na Cobra nyekundu, kwa hiyo zikiruka pamoja zikaitwa kikosi cha waridi. Jina ni zuri, lakini kazi haikuwa nzuri hata kidogo. Ukiondoa lugha ya adabu, kazi ya Loach ilikuwa kushuka hadi mtu aipige risasi, kisha itupe bomu la moshi mahali risasi zilipotokea na kukimbia, ili Cobra ijue pa kupiga. Kati ya OH-6 takriban 1,400 zilizoundwa kwa ajili ya jeshi, zaidi ya 800 ziliangamia Vietnam.

Takwimu hiyo inatisha, lakini ina upande wa pili ambao wahasibu wa ulinzi wanaujua vizuri: jeshi liliweza kuendelea. Hughes ilishinda zabuni ya 1965 kwa bei ya dola 20,000 hivi kwa kila bodi bila injini, bei ambayo kampuni ilikuwa ikipata hasara nayo. Ilipoanguka moja, ilikuja nyingine. Roho za marubani hazikuwa na bei hiyo, na sipendi hesabu za namna hii, ila bila kuzifanya huwezi kuelewa kilichofuata.

Kampuni ya Bell ilikuwa imekwishaangushwa mapema kwenye mashindano hayohayo. Ikaichukua helikopta yake iliyokataliwa, ikaichonga upya umbo, ikawauzia raia kwa jina la JetRanger, na raia wakaipenda duniani kote. Halafu bei ya Hughes ikapanda, jeshi likafungua zabuni upya, na mwaka 1968 ile iliyofukuzwa mlango wa mbele ikaingia kwa mlango wa nyuma ikiitwa OH-58 Kiowa. Haikuwa ndoto ya mbunifu yeyote. Ilikuwa helikopta ya kawaida, nyepesi, iliyokuwepo sokoni siku ilipohitajika.

Mwaka 1981 jeshi liliichagua Bell kuiboresha Kiowa kama hatua ya kusogezea siku, wakati helikopta ya kweli inasubiriwa. Toleo hilo, OH-58D, liliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 1983. Lilipata rota ya mapanga manne na, juu kabisa ya rota, kitu kama mpira mkubwa wenye macho mawili. Ndani ya mpira huo mlikuwa na kamera ya televisheni, kamera ya joto, na mwale wa leza wa kupimia umbali na kumwelekezea kombora shabaha. Rubani angeweza kujificha nyuma ya miti au kilima, akauacha mpira peke yake uchungulie. Kwangu hilo ndilo wazo bora zaidi lililowahi kuwekwa kwenye helikopta ya upelelezi, kwa sababu linajibu swali la upelelezi tu: nitaonaje bila kuonekana?

Tazama sasa lilichofanyiwa wazo hilo. Mwaka 1987 meli za mafuta zilikuwa zikishambuliwa katika Ghuba ya Uajemi, na Marekani ilihitaji helikopta ndogo za kuruka usiku juu ya maji. OH-58D 15 zikafungwa silaha haraka na kupelekwa huko. Zikafanya vizuri mno. Kuanzia hapo kila mtu alitaka Kiowa yenye silaha, na ikazaliwa Kiowa Warrior, yenye makombora ya Hellfire, roketi na bunduki kubwa ya mashine. Jicho likaota makucha. Uzito ukaongezeka, na Afghanistan, kwenye milima mirefu na joto la kiangazi, injini moja ilihangaika kuubeba. Marubani wakawa wanaruka milango imetolewa, huku bunduki zao za mkononi zikiwa tayari, na mara nyingine walifyatua kwa mkono kupitia pale mlango ulipokuwa.

Na bado askari wa miguu waliipenda. Ukisoma kumbukumbu za waliopigana Iraki na Afghanistan utakuta jambo moja linajirudia: rubani wa Kiowa aliruka chini kiasi cha kuona nyuso. Aliweza kusema, juu ya redio, kwamba wale wanaume watatu ukutani wamebeba majembe, si bunduki. Helikopta iliyokusudiwa kusogeza siku ilitumika hadi mwaka 2017.

*

Iliyokuwa inasubiriwa ni LHX, helikopta ya mradi ule wa 1982, ambayo baadaye ilipewa jina la Comanche. Hapa inafaa kukaa kidogo, maana wengi wanaikumbuka kwa uzuri wake na kusahau ilivyoagizwa.

Mwanzoni LHX ilitakiwa kurithi helikopta za aina nne kwa mpigo: UH-1 ya kubeba askari, AH-1 Cobra ya mashambulizi, na wapelelezi wawili, OH-6 na OH-58. Jeshi lilizungumzia kununua zaidi ya 5,000. Iwe nyepesi. Ikwepe rada, joto lake lisionekane, sauti yake isisikike mbali. Iweze kupigana na helikopta nyingine angani. Iweze kuvuka Atlantiki yenyewe kwa matangi ya ziada bila kubebwa na ndege. Na kwa muda kulikuwa na wazo kwamba haya yote yafanywe na rubani mmoja peke yake, kompyuta zikimsaidia. Hii ni miaka ya 80, wakati kompyuta ya mezani ilikuwa bado kitu cha kushangaza ofisini. Wahenga walishasema, mtaka yote hukosa yote. Inaelekea methali hiyo haikuwa imefika Pentagon.

Mpango wa toleo la kubeba askari uliachwa 1988. Wazo la rubani mmoja nalo likaachwa. Aprili 1991 timu ya Boeing na Sikorsky ikaishinda timu ya Bell na McDonnell Douglas. Mashine waliyoahidi ilikuwa imelenga vita fulani mahususi: maelfu ya vifaru vya Kisovieti vikimiminika Ujerumani, vikiwa na rada na makombora ya kutungulia ndege. Miezi minane baada ya mkataba, Umoja wa Kisovieti ukavunjika.

Adui aliyechorewa mashine hiyo alikuwa hayupo tena, lakini mradi haukufutwa. Ukaendelea kwa miaka 13 zaidi.

Mradi wa namna hii una mazoea yake ya kufa, na yanafaa kuelezwa kwa sababu yanarudi kila mara. Kubuni helikopta kunagharimu kiasi fulani cha fedha hata kama utaunda moja tu. Ukikusudia kuunda 5,000, gharama hiyo inagawanywa kwa 5,000 na haionekani. Ukija kupunguziwa bajeti, njia rahisi kwa kila mtu ni kupunguza idadi na kuusogeza mradi mbele kwa miaka michache. Idadi ya Comanche ilishuka hadi 2,096, kisha 1,292, na mwishoni 650. Kila ilipopungua, bei ya moja ilipanda. Bei ilipopanda, Bunge liliuliza maswali. Maswali yalijibiwa kwa kupunguza tena na kusogeza tena. Wakati huohuo miaka inakwenda, vifaa vya kielektroniki vilivyochaguliwa mwanzo vimezeeka, inabidi vibadilishwe, uzito unapanda, na uzito ukipanda injini hazitoshi. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alifanya uamuzi wa kijinga. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa na busara yake.

Helikopta yenyewe iliruka Januari 4, 1996, huko Florida. Nakiri, sijaona pichani helikopta nzuri kuliko hiyo. Makombora yalikaa ndani ya mwili, yakitoka milango ilipofunguka tu. Mzinga wa milimita 20 uligeuzwa nyuma na kufichwa wakati hautumiki. Magurudumu yalikunjwa. Panga la mkiani lilizungushiwa ukuta, na hewa ya moto ya injini ilipozwa na kutolewa kupitia matundu marefu kwenye mkia. Kwenye rada, kwa madai ya walioibuni, ilionekana ndogo kuliko Apache, helikopta kubwa ya mashambulizi ya jeshi, kwa mamia ya mara.

Ila rada ni njia moja tu ya kuonwa. Mtu aliyekaa juu ya paa akiwa na bunduki hana rada, ana masikio. Machi 24, 2003, Apache zaidi ya 30 zilitumwa usiku kuishambulia Divisheni ya Medina ya jeshi la Saddam Hussein karibu na Karbala, Iraki. Zilipokewa na risasi za silaha ndogondogo kutoka kila upande, zikiwa juu ya nyumba za watu. Moja ilianguka na marubani wake wawili wakatekwa. Karibu nyingine zote zilirudi zimetobolewa. Comanche ingekuwepo usiku ule, ukwepaji wake wa rada usingeisaidia sana, maana waliokuwa wakifyatua walikuwa wakitazama na kusikiliza tu.

Chini ya mwaka mmoja baadaye, Februari 23, 2004, mradi ulifutwa. Zilikuwa zimeshatumika dola bilioni 6.9 hivi na zilikuwa zimeundwa helikopta mbili za majaribio. Zote mbili zimo kwenye makumbusho ya usafiri wa anga ya jeshi huko Alabama. Dola bilioni 14.6 zilizokuwa zimetengewa miaka iliyofuata zilielekezwa kwenye kununua na kuboresha helikopta za aina zilizokuwepo tayari, na huo, kwa maoni yangu, ulikuwa uamuzi bora kuliko wote uliofanywa katika historia nzima ya Comanche. Wahenga wanasema kawia ufike. Comanche ilikawia, na haikufika.

*

Ungedhani funzo limeingia. Kwa muda mfupi liliingia: mwaka 2005 jeshi liliiagiza Bell itengeneze helikopta ya upelelezi ARH-70, na safari hii msingi ulikuwa helikopta ya kiraia iliyokuwa inauzwa tayari, Bell 407. Zilitakiwa 368. Kisha ile helikopta ya dukani ikawekwa mezani na kufunguliwa, ikaongezwa hiki na kile cha kijeshi, na bei ya moja ikapanda kutoka dola milioni 8.56 hadi milioni 14.48. Oktoba 2008 nayo ikafutwa. Baada yake jeshi lilipitia helikopta za kampuni mbalimbali, likaziona zikiruka, na halikununua hata moja. Likajaribu pia kuiboresha Kiowa mara ya mwisho, toleo la OH-58F, lililolihamisha jicho kutoka juu ya rota hadi puani. Toleo hilo liliruka 2013. Mwaka uliofuata liliachwa, sababu bajeti ya ulinzi ilikuwa imebanwa na jeshi lilikuwa limeamua kuziondoa Kiowa zote.

Kilichowekwa mahali pake ndicho kinachonivutia. Kazi ya Kiowa ilipewa Apache ikishirikiana na Shadow, ndege ndogo isiyo na rubani. Apache inaweza kupaa na uzito wa tani kama kumi, Kiowa Warrior ilikuwa tani mbili na nusu. Kumtuma Apache kufanya kazi ya Kiowa ni sawa na kumtuma kifaru afanye kazi ya mtu wa pikipiki: ataifanya, ila kwa mafuta mengi, mafundi wengi, na kila mtu atajua amepita. Lakini mpango huo ulikuwa na jambo jipya la maana. Rubani wa Apache aliweza kuona anachokiona Shadow, na katika matoleo mapya aliweza kumwongoza mwenyewe akiwa angani. Kwa mara ya kwanza jicho lilitenganishwa na mwili. Aliyekuwa anaangalia hakulazimika kuwa pale anapopaangalia.

Hapo ndipo hadithi ya helikopta ya upelelezi ilipaswa kugeuka. Jeshi, badala yake, likaanzisha FARA.

FARA ilizinduliwa 2018 na haikuwa wazo la wapumbavu. Lengo lilikuwa helikopta ya kasi, zaidi ya kilomita 330 kwa saa, yenye rota isiyozidi mita 12 na kidogo kwa upana ili iweze kupita kati ya majengo mijini. Ingebeba droni zake yenyewe na kuzirusha mbele, ili zenyewe ndizo zichungulie. Machi 2020 wakabaki washindani wawili. Bell ilileta Invictus, yenye rota moja na mkia uliozungushiwa ukuta, na aliyewahi kuiona Comanche hakosi kuona kufanana. Sikorsky ilileta Raider X, yenye rota mbili zinazozunguka kinyume juu ya mlingoti mmoja na panga la kusukuma nyuma, mtindo ambao kampuni hiyo imekuwa ikiufuatilia tangu miaka ya 70.

Wote wawili walitakiwa kutumia injini moja mpya iliyokuwa inatengenezwa na General Electric kwa mradi mwingine. Injini ikachelewa. Helikopta mbili zilikaa karakana zikiwa karibu tayari kabisa, zikisubiri moyo. Injini zilifika Oktoba 2023. Miezi minne baadaye mradi ukafutwa, dola takriban bilioni 2 zikiwa zimekwenda, na hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa imepaa.

Jenerali Randy George, Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu wakati huo, alieleza kwamba vita vya Ukraine vimeonyesha upelelezi wa angani umebadilika kimsingi, na kwamba vifaa vya kuonea vilivyoko kwenye droni na kwenye satelaiti vimekuwa vingi, vinafika mbali, na ni rahisi kuliko wakati wowote. Kwa hilo sibishani naye.

Ukraine imeonyesha hivyo kwa damu. Warusi wana Ka-52, ambayo wao wenyewe huiita helikopta ya upelelezi na mashambulizi, na ni mashine nzuri yenye silaha nzito. Siku ya kwanza ya uvamizi, Februari 24, 2022, Ka-52 ziliongoza shambulio la uwanja wa ndege wa Hostomel karibu na Kyiv, na baadhi zikaangushwa hapohapo. Kwa ujumla zimepotea makumi kwa makumi. Helikopta za pande zote mbili zimejifunza kukaa nyuma ya mstari wa mbele, kuinua pua, kurusha roketi zipande na kushuka mbali mbele, kisha kugeuka mbio. Zinageuka kuwa mizinga inayopaa. Kiangazi cha 2023 Ka-52 zilivisumbua sana vifaru vya Ukraine, lakini kwa makombora ya masafa ya kilomita kadhaa, zikiwa mbali na mstari. Kinachoelekea kutoweka kwenye vita hivi ni helikopta inayosogea karibu kuchungulia, yaani ileile FARA na ileile Loach. Helikopta kama jukwaa la kurushia silaha ingali na nafasi.

Nisichokubaliana nacho ni namna maelezo hayo yanavyotumika kufuta historia. Ukisema Ukraine ndiyo iliyoua helikopta ya upelelezi, unasema miradi ile mingine ilikuwa na bahati mbaya tu. Comanche haikuuawa na droni ya dola 500. Iliuawa na kalenda. ARH-70 vivyo hivyo. Na FARA, hata kama Urusi isingevamia, ingekuwa inasubiri injini mpaka mtu fulani kwenye kamati ya bajeti aulize.

Wajapani wamepitia njia hiyohiyo kwa mguu mfupi zaidi. Kawasaki OH-1, ndogo, nyembamba, ya Kijapani mwanzo hadi mwisho, iliruka Agosti 1996, miezi michache baada ya Comanche, na tofauti na Comanche iliingia jeshini. Lakini zilijengwa 38 tu, zikiwemo za majaribio. Mwaka 2015 injini zilileta matatizo na kundi zima likazuiwa kuruka. Desemba 2022 serikali ya Tokyo ilitangaza kwamba OH-1, pamoja na helikopta zake za mashambulizi, zitaondolewa na kazi zao kupewa droni. Kwa hiyo hata ukifanikiwa kufika, unaweza kufika ukakuta mlango unafungwa.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naipa uzito. Waliowahi kuruka Kiowa husema kwamba droni inaona dunia kupitia mrija. Kamera inaona kinachoelekezewa. Rubani anaona pembeni, ananusa moshi, anahisi kwamba soko lililojaa jana leo liko tupu, na ndipo anageuza kichwa. Zaidi ya hayo, droni inategemea mawimbi, na mawimbi yanazibwa. RUSI, taasisi ya utafiti wa ulinzi ya London, ilikadiria mwaka 2023 kwamba Ukraine ilikuwa ikipoteza kama droni 10,000 kwa mwezi, nyingi zikipotezwa na vita vya kielektroniki. Hoja hiyo ni ya kweli kabisa, na kwenye vita dhidi ya wapiganaji wenye bunduki na roketi za begani bado naona Kiowa ingekuwa na kazi.

Lakini tazama tena hiyo takwimu ya 10,000. Ni upotevu ambao hakuna jeshi lenye helikopta linaloweza kuustahimili hata kwa saa moja, na Ukraine iliendelea kupigana. Programu za droni zinabadilishwa kila baada ya wiki chache, adui anaziba masafa haya, fundi anahamia mengine. Nguvu ya droni hizo siioni machoni mwake. Macho ya Comanche yalikuwa bora. Nguvu yake ni kwamba swali likibadilika Jumatatu, jibu linaweza kuwa limefika Ijumaa ya wiki ya pili yake. Loach ilikuwa na kitu kinachofanana na hicho, kwa gharama ambayo hakuna mtu angeikubali leo, kwa sababu ndani yake walikuwa wamekaa watu.

Kwa hiyo jeshi lilifanya sawa kuifuta FARA. Linaloniacha na wasiwasi ni tangazo hilohilo la Februari 2024, kwenye aya ambazo hazikusomwa na wengi. Humo lilitangaza pia kuistaafisha Shadow, ile droni iliyopewa kazi ya Kiowa miaka kumi kabla. Mrithi wa Shadow alikuwa anatafutwa kwa miaka kadhaa kupitia mradi ulioitwa FTUAS, wenye zabuni, awamu, na washindani waliopunguzwa hatua kwa hatua. Mwaka 2025 nao ukafutwa. Mwaka huohuo jeshi likatangaza kupunguza vikosi vya upelelezi vya helikopta kwenye brigedi zake za anga. Ugonjwa umehama kutoka kwenye mashine yenye rubani kwenda kwenye mashine isiyo naye, na dalili ni zilezile.

Droni ndogo za kurushwa kutoka angani, zile ambazo FARA ilikusudiwa kuzibeba, mradi wake haukufutwa. Unaendelea, sasa zikipangiwa kurushwa na helikopta nyingine.

Na kuna kipande kimoja cha Comanche ambacho hakiko makumbusho. Injini yake, T800, ilitengenezewa pia toleo la kuuzwa nje. Toleo hilo leo linaisukuma Wildcat ya Uingereza, helikopta ambayo jeshi la nchi hiyo limekuwa likiitumia kwa upelelezi tangu 2014. Injini ilifika. Ilikwenda tu jeshi jingine.